Nikitoka ukumbini, majibu yote yanarudi

Mama, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma shahada ya uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nyumbani ni Newala. Nakuandikia kwa sababu UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zimebaki wiki 5 na mimi tayari nimeanza kushtuka usiku.

Zamani sikuwa mtu wa kuogopa mitihani. Kidato cha sita nilipata divisheni wani, nikawa mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Baba alichinja mbuzi. Mpaka leo akikaa kijiweni anawaambia wenzake kwamba mwanawe atakuwa mhasibu wa serikali, na korosho zikishauzwa, hata kama bei ilikuwa mbaya, lazima anitumie chochote. Na mimi bumu, hela yangu ya mkopo wa wanafunzi, likitoka nalimega nawatumia wadogo zangu wawili walio sekondari.

Shida ilianza mwaka wa kwanza, muhula wa pili, kwenye pepa ya takwimu. Alama zangu za darasani zilikuwa 29 kati ya 40, na kwenye kikundi chetu mimi ndiye niliyekuwa nawaelekeza wenzangu. Nilikesha usiku mbili mfululizo nikipiga msuli. Asubuhi msimamizi akasema tufungue karatasi. Nikasoma swali la kwanza, maneno nayaona lakini hayaingii. Nikarudia, hayaingii. Moyo ukaanza kwenda mbio, viganja vikalowa, vidole vikafa ganzi, tumbo likanibana nikadhani nitaaibika pale pale. Jirani yangu akanyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada wakati mimi hata nusu ukurasa sijafika. Nikakusanya nikatoka. Mama, nilipofika chini ya mti huko nje kanuni zote zilirudi, moja baada ya nyingine, kama kuna mtu alikuwa amezishikilia. Nilipata 8 kati ya 60. Jumla 37, sapu, yaani kurudia mtihani.

Pepa ya uhasibu wa gharama nayo ikawa hivyo hivyo. Sapu zote mbili nilizifanya nikapita, ila kwa kutetemeka. Tangu hapo kila nikipita karibu na ule ukumbi tumbo linanikata. Nikikaa kusoma kodi, somo ninaloliogopa muhula huu, najikuta nimeinuka naosha vyombo, au narudia mada ambazo tayari nazijua.

Nyumbani hawajui habari za sapu. Mama yangu nilimwambia tu kwamba moyo hunienda mbio nikiwa kwenye mtihani. Anasema ni jicho la watu, tangu siku ya yule mbuzi. Likizo alinipeleka kwa shehe nikasomewa, nikapewa kombe nikanywa. Nilitulia kweli, lakini test ya Desemba mambo yakarudi.

Mwenzangu wa chumbani amenipa vidonge. Anasema ni vya presha, ila wanafunzi wengi huvinywa asubuhi ya pepa ili moyo utulie. Sijavinywa bado. Nilikuwa na pumu utotoni, siku hizi hunijia mara chache, kukiwa na vumbi. Kila usiku nakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu ili nikeshe.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita, usiku mmoja, nilitamani nilale nisiamke ili hizi UE zinipite. Sikufanya kitu, lakini hilo wazo limenitisha.

Naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Nikidisko baba ataficha wapi uso wake? Je, niahirishe mwaka nijipange? Au nirudi tu nyumbani nikafanye biashara?

Binti wa Newala

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na lile uliloliandika karibu na mwisho, maana mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Usiku ule umekutisha, na ni vizuri kwamba umekutisha ukaandika. Sasa lisiishie kwenye barua. Leo, kabla hujafungua desa lolote la kusomea, mwambie mtu mnayeonana uso kwa uso. Mwenzako wa chumbani anafaa. Huhitaji hotuba, mwambie tu: "Wiki iliyopita nilifika mahali nikatamani nisiamke, naomba ujue." Kisha nenda zahanati ya chuo au ofisi ya mshauri wa wanafunzi ukaliseme kwa maneno hayo hayo. Wazo hilo likirudi na kuganda, au ukajikuta unawaza namna ya kulitimiza, usibaki peke yako hata kidogo. Mwamshe mwenzako akupeleke hospitali usiku huo huo.

Upo Dodoma, na najua vijana wanavyolitaja jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wanapotaka kumtania mtu. Utani huo usikufungie mlango. Hospitali ile huhudumia pia watu wasiopata usingizi, wenye hofu, walioelemewa, watu wanaohudhuria kliniki na kurudi makwao siku hiyo hiyo. Nimekuwa mlezi wa hosteli za wanafunzi kwa miaka mingi. Vijana waliopata msaada wa daktari wa akili kisha wakamaliza shahada zao wapo wengi kuliko unavyodhani, na huwajui kwa sababu hakuna anayetangaza.

La pili ni vile vidonge. Usivinywe. Sijaviona, lakini dawa ya presha ambayo watu huimeza kabla ya mtihani ili moyo upunguze mbio kwa kawaida ni propranololi, na propranololi inaweza kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu. Haijalishi kwamba pumu yako hukujia mara chache. Shambulio moja la pumu ndani ya ukumbi wa mtihani ni hatari ambayo mwenzako hakuifikiria alipokupa, na yeye hakukutakia mabaya. Mrudishie kwa upole na umweleze sababu. Wapo pia wanaotumia vidonge vya usingizi vya aina ya diazepamu. Hivyo hupunguza hofu kweli, lakini huzuia pia ubongo kuhifadhi ulichosoma, na mtu huvizoea haraka. Kama kuna dawa inayokufaa, aichague daktari aliyekusikiliza kifua na aliyeambiwa habari za pumu.

Sasa twende ukumbini.

Nataka uzitazame alama zako mwenyewe kama mhasibu. Darasani 29 kati ya 40, hiyo inapita asilimia 72. Kwenye UE ya somo lile lile, 8 kati ya 60, asilimia 13. Uelewa wa mtu hauporomoki hivyo katika muda mfupi namna ile. Na wewe mwenyewe umeshuhudia: ulipotoka nje, kanuni zilirudi. Kwa hiyo zilikuwepo. Usijiambie kwamba huna akili ya uhasibu, maana hesabu zako zinakukatalia.

Kilichotokea ni hiki. Mwili wako uliuona ukumbi ule kama hatari. Tezi zilizoko juu ya figo zikamwaga adrenalini, moyo ukakaza mwendo, damu ikaelekezwa kwenye misuli ya kukimbilia, na tumbo likavurugika. Ukaanza kuhema juu juu kwa haraka bila kujijua, ukatoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, na hapo ndipo vidole hufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Inatisha, nakubali. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonyesha kwamba moyo wako ni mbovu au kwamba unakaribia kurukwa na akili. Hata hivyo zahanati wakupime mapigo, presha na damu, kwa sababu upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo nayo huweza kuukimbiza moyo, na binti anayemega bumu lake kuwatumia wadogo zake mara nyingi ndiye anayelala na chai kavu.

Kuhusu kusahau, ile sehemu ya akili inayoshika mambo unayoyafanyia kazi sasa hivi ina nafasi ndogo sana. Ni kama mama lishe mwenye majiko mawili: moja likishakaliwa na sufuria ya "nitafeli, baba atasema nini, yule amekwisha kuomba karatasi ya ziada", limebaki moja la kupikia takwimu. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Liebert na Morris, walitenganisha hofu ya mtihani katika sehemu mbili, yaani msisimko wa mwili na mawazo ya wasiwasi. Utafiti uliofuata umeonyesha mara nyingi kwamba kinachoendana zaidi na kushuka kwa alama ni hayo mawazo. Hili lina faida kwako. Moyo unaweza ukaendelea kudunda na bado ukaandika. Huna haja ya kusubiri utulie kwanza.

Mama yako anasema ni jicho. Sitabishana naye, na wewe usibishane naye. Dua endelea nayo, hasa ile ya Nabii Musa ya kuomba kukunjuliwa kifua, ambayo wanafunzi Waislamu wengi huisoma mlangoni mwa mtihani. Ina maana kubwa kwa mtu ambaye kifua kimembana. Lakini kombe lilikutuliza likizo, wakati ambapo hapakuwa na pepa mbele yako. Zile pepa zinataka maandalizi ya aina yake.

Na hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Ulipokusanya karatasi ukatoka, ulipata nafuu. Nafuu ile inanipa wasiwasi kuliko hofu yenyewe. Mwili ulijifunza siku ile kwamba ukumbi ni hatari na kutoka ndiko kuokoka. Pepa iliyofuata ukaingia na somo hilo tayari kichwani. Sasa tumbo linakukata ukipita tu karibu, na ukifungua kodi unakimbilia vyombo. Ni kitu kile kile: kila unapokwepa unapata nafuu ya muda, na kila nafuu inailisha hofu. Hofu kali ya namna ile kwa kawaida hupanda haraka, hufika kileleni katika dakika chache, kisha huanza kushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Wewe uliondoka kabla hujaiona ikishuka. Hujawahi kuiona. Wiki zilizobaki, kazi yako ya kwanza ni kujifunza kukaa mpaka uione.

Utajifunzaje? Kwa kuufanya mtihani kabla ya mtihani. Nenda maktaba au kwa waliowatangulia ukusanye pepa za miaka iliyopita za kodi na masomo mengine. Tafuta chumba cha mihadhara kilicho wazi siku ya Jumamosi, na ukiweza kupata ruhusa ya kukaa ndani ya ukumbi ule ule unaouogopa, bora zaidi. Saa 2 kamili asubuhi uwe umekaa, kitambulisho juu ya meza, simu imezimwa na ipo kwenye begi mbali nawe, desa hakuna. Mwombe mwenzako mmoja awe msimamizi, aseme yale maneno yanayokushtua, "Fungueni karatasi." Andika kwa muda wa saa 3 nzima. Usitoke. Hofu itakuja, na ndiyo tunayoitaka ije, ili ikukute umekaa. Ikikushika, weka kalamu chini, vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu ukihesabu mpaka 6, rudia mara chache, kisha andika kitu chochote unachokijua hata kama ni kanuni moja. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mwendo wa moyo. Kupumua huku ukufanyie mazoezi kila siku ukiwa umetulia, maana siku ya pepa siyo siku ya kujifunza jambo jipya.

Mara ya kwanza huenda ukapata alama za aibu. Usijali alama, angalia kama ulikaa. Wiki inayofuata rudia kwa pepa nyingine, na nyingine tena. Nimewaona vijana walioshindwa kumaliza nusu ya pepa ya kwanza ya mazoezi wakafika ya tatu wakiwa wanalalamika kwamba swali la 4 lilikuwa gumu. Mtu akianza kulalamikia swali najua amepona nusu, kwa sababu sasa anaona swali na haoni tena ukumbi.

Tukiwa hapo, kusoma kwako nako kubadilike. Nadhani unapiga msuli kwa kurudia madesa, unapigia mistari, unatazama suluhisho la mwalimu na kusema "hii naijua." Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma na kurudia kusoma. Kundi lingine lilisoma, likafunika, likajaribu kukumbuka na kuandika. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka ndio walioongoza, na kwa mbali. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo wanafunzi wengi wazuri wanapoangukia. Wewe ulipokuwa unawaelekeza wenzako takwimu ulikuwa unatoa kichwani, na ndiyo maana darasani ulikuwa imara. Basi rudi huko. Soma mada ya kodi, funga daftari, chukua karatasi tupu, kokotoa swali zima tangu mwanzo bila suluhisho mbele yako, kisha linganisha. Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma tena. Anza na mada unayoikimbia, dakika 25 tu kwanza, vyombo vitasubiri.

Kukesha achana nako kabisa, pamoja na vile vinywaji. Kinachosomwa mchana hukazwa kichwani usiku ukiwa umelala, na usiku mbili bila usingizi kabla ya takwimu zilikuibia kile ulichokuwa umekitafuta. Kafeini nayo huchukua saa 5 hivi kupungua nusu tu mwilini, na kazi yake ni kuufanya moyo uende kasi na mikono itetemeke. Yaani unakunywa dalili za hofu usiku, asubuhi unaingia nazo ukumbini, halafu mwili unauliza, mbona moyo unaenda mbio, kuna nini? Punguza kidogo kidogo kuanzia leo, usiache ghafla siku moja kabla ya pepa, maana kichwa kitauma.

Siku yenyewe, kula chakula ulichokizoea. Lile kundi la WhatsApp la darasa, ambalo usiku wa kuamkia pepa kila mtu ana tetesi ya swali litakalotoka, lifunge tangu jioni. Fika mapema, ila usisimame na wale wanaoulizana mlangoni, "Umesoma hiki? Na hiki je?" Huwa natamani kuwatawanya. Kama wasiwasi umekujaa, kaa pembeni na karatasi, uandike dakika 10 unachokiogopa, kama kilivyo, bila kukipamba, kisha uichane. Ramirez na Beilock wa chuo kikuu cha Chicago walilijaribu jambo hili wakachapisha matokeo mwaka 2011, na waliofaidika zaidi ni wanafunzi wenye hofu kubwa. Karatasi hiyo usiingie nayo ndani hata kwa bahati mbaya. Ukishafungua mtihani, usianze na swali la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Pitia karatasi nzima, weka alama kwenye swali unaloliweza zaidi, andika kanuni zako kwenye kurasa za mwisho za kijitabu kabla hazijakimbia, uzikate mstari ukimaliza, halafu anza na lile unaloliweza. Kama maswali ni 5 kwa saa 3, kila moja lipe dakika 30, utabaki na nusu saa ya kurudia. Anayeomba karatasi ya ziada mwache aombe. Nimesimamia mitihani mingi, na wengine wanaoomba karatasi mapema huwa wameandika kwa herufi kubwa.

Kuhusu kudisko, tazama tena kumbukumbu zako. Sapu zote mbili umezifuta na uko mwaka wa pili kwa haki yako. Chukua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako ukisome, uone hasa ni nini kinachomfanya mtu aondolewe. Vijana wengi hukiogopa kitu ambacho hawajawahi kukisoma. Sapu si jambo jema, na katika vyuo vingi alama yake haivuki C, lakini bado ni mlango uliowekwa kwa makusudi ili mtu asitoke.

Lililobaki ni baba. Siri hii ina uzito wake kwenye lile jiko lililokaliwa na wasiwasi. Kila ukifungua karatasi, baba anakaa mbele yako na mbuzi wake. Hajui lolote, na wewe unamjibia moyoni maneno ambayo hajawahi kuyasema. Mwambie, ila usimwambie peke yako kwa simu jioni moja ukiwa unalia. Kwenu Newala mjomba ana nafasi yake, na neno lake kwa mtoto wa dada yake lina uzito. Mpigie mjomba kwanza. Mweleze: nilipata sapu mbili mwaka jana, nimezifuta, tatizo ni hofu na siyo uvivu, nimeanza kwenda hospitali, naomba uniongoze namna ya kumwambia baba. Mwache yeye achague siku na namna. Baba anaweza kununa. Anaweza kuuliza kwa nini alifichwa, na hilo ni swali la haki, lijibu kwa kuomba radhi. Lakini mtu aliyeuza korosho kwa bei mbaya na bado akatuma hela amekwisha kuonyesha anachokithamini. Na wadogo zako waambie mwezi huu na ujao hutatuma kitu. Hela hiyo ule.

Umeuliza kama urudi nyumbani kufanya biashara. Biashara ni kazi ya heshima, ila uiendee kwa kuitaka. Ukiikimbilia ili kuukwepa ukumbi, utakuwa umetoka kwenye pepa ile ile mara nyingine, na hofu itakufuata hadi kwenye usaili wa kazi na kwenye mitihani ya bodi ya wahasibu.

Kuahirisha ni jambo jingine, na sikukatazi. Yapo mazingira ambayo ningekusukuma uahirishe: daktari akisema hali yako inahitaji matibabu kwanza, au lile wazo la usiku likiendelea kurudi. Hapo afya inatangulia, na hakuna GPA inayolingana nayo. Bila hayo mawili, ningependa uzifanye UE hizi, kwa sababu mwaka mzima wa kukaa mbali na mitihani utaikuza hofu yako. Ukiahirisha, fuata utaratibu. Maombi ya maandishi na taarifa ya daktari vifike idarani kabla ya pepa, maana katika vyuo vingi anayeahirisha kwa ruhusa hufanya mtihani baadaye kama mara yake ya kwanza, lakini asiyetokea bila ruhusa huhesabiwa ametoroka, na adhabu yake inaweza kuwa kuondolewa kabisa. Zungumza pia na afisa mikopo wa chuo kabla hujasaini chochote, ujue bumu lako litakuwaje. Uamuzi huo usiufanye leo. Ufanye baada ya kumwona daktari na baada ya pepa 2 za mazoezi ulizokaa mpaka mwisho, ukiwa na mshauri wa wanafunzi mezani.